Ukurasa wa Kitabu cha Kale cha Nyota Usisambazwe Bila Mwaka Wake

Utaratibu mpya wa chumba cha vitabu adimu umezua malalamiko mengi, na kwa kuwa ndimi ninayesimamia vitabu vya falaki vya karne ya 19, nimeombwa niueleze. Msomaji anayepiga picha ukurasa wowote wa kitabu kilichochapwa kabla ya 1900 anatakiwa kupiga pia ukurasa wa jina, wenye mwandishi, toleo na mwaka, na kuzipeleka picha hizo mbili pamoja popote atakapozituma. Wapo waliosema tunaficha elimu. Anayeficha elimu hawezi kuwa yeye anayedai mwaka uonekane.

Sababu yenyewe ni kurasa zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Unaopendwa zaidi ni ule wa watu wenye mabawa ya popo wanaoishi mwezini, ukiwa na maelezo kwamba mwanafalaki John Herschel aliwaona kwa darubini yake kutoka Rasi ya Tumaini Jema, kisha wakubwa wakaifunika habari. Ni kweli kwamba Herschel alikuwa Rasi kuanzia 1834 hadi 1838, akichunguza anga la kusini. Lakini habari ya watu-popo si yake. Ilitoka katika gazeti la Sun la New York, makala sita zilizoanza tarehe 25 Agosti 1835, zikidai kunukuu jarida moja la sayansi la Edinburgh ambalo kwa wakati huo lilikuwa limekwisha kufa. Anayetajwa kuziandika ni Richard Adams Locke, mhariri wa gazeti hilo. Baadaye makala zikachapwa kama kijitabu, na kijitabu kikishazeeka hufanana na kitabu chochote cha heshima. Matokeo halisi ya kazi ya Herschel yalichapwa mwaka 1847, na humo mna nyota pacha, vishada vya nyota na mawingu ya anga. Popo hamna.

Huo ulikuwa uzushi. Sehemu kubwa ya vitabu tulivyo navyo si uzushi, na hapo ndipo watu wanapoteleza kwa upande wa pili: wakishasikia kwamba jambo si kweli, humwita mwandishi tapeli. Thomas Dick, mwalimu na mhubiri wa Scotland, aliandika katika miaka ya 1830 kwamba mfumo wetu wa jua una wakazi zaidi ya trilioni 21. Alichukua msongamano wa watu wa Uingereza, 280 kwa kila maili ya mraba, akauzidisha kwa eneo la sayari na miezi; hata pete za Zohali hakuziacha. Aliamini kwamba Mungu hawezi kuumba makao makubwa kiasi hicho yakae matupu. Alimweleza msomaji wazi namna alivyoipata hesabu yake. Kilichokosekana ni ushahidi, na vyombo vya wakati wake visingeweza kumpatia.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Richard Proctor, Mwingereza aliyesomwa na kusikilizwa na umma kuliko wanafalaki wengi wa siku zake. Kitabu chake cha 1870 kina matumaini makubwa juu ya viumbe wa dunia nyingine. Kufikia 1875 alikuwa ameshageuka: akaandika kwamba umri wa sayari ni mrefu mno, na kipindi chake cha kubeba uhai ni kifupi, hivyo kwa wakati wowote ule nyingi zitakuwa tupu. Mtu ni yuleyule, na miaka iliyopita ni mitano tu. Ukikata ukurasa mmoja bila mwaka, unamsemea Proctor jambo alilokwisha kuliacha.

Na tafadhali, hatuhitaji tena barua kwamba shule zinadanganya watoto kuhusu idadi ya miezi ya Mshtarii. Kitabu cha 1885 kitasema ni minne kwa sababu wa tano aliuona mwanafalaki Barnard mwaka 1892. Ndiyo maana toleo linahesabika. Historia ya falaki ya Agnes Clerke ilitoka mara ya kwanza mwaka huohuo wa 1885, na toleo la nne likatoka 1902. Ukitaja kitabu hicho bila toleo, hujataja kitu.

Mifereji ya Mirihi, yaani mistari ambayo watazamaji wa darubini walidai kuiona kwenye sayari hiyo, nayo ni hivyohivyo. Mwanafalaki Mmarekani Percival Lowell, aliyejenga kituo chake cha kutazama anga Flagstaff, Arizona, mwaka 1894, aliitetea kwa dhati kwamba ilichimbwa na viumbe wenye akili. Mwaka 1903 Maunder, mwanafalaki wa kituo cha Greenwich, Uingereza, alishiriki jaribio ambalo wavulana wa shule waliwekewa picha yenye madoa mbele yao wainakili. Waliokaa kwa umbali fulani walichora mistari ambayo haikuwapo. Mwaka 1965 chombo cha Mariner 4 kikapiga picha karibu na Mirihi, kikakuta kreta, yaani mashimo ya duara, si mifereji.

Sasa utaratibu. Fomu ya kupiga picha hujazwa kabla ya kitabu kutolewa, ikionyesha jina, toleo, mwaka na kurasa zinazotakiwa. Mwanga wa kamera uzimwe. Kitabu kikae juu ya mto wake. Kisibanwe kwa kiwiko. Penseli tu mezani. Atakayesambaza ukurasa peke yake ataandikiwa onyo, na akirudia kadi yake itasimamishwa. Atakayechana jalada au kulegeza mshono atalipia ukarabati kwanza, ndipo kadi irudishwe. Ukurasa au ramani ya nyota iliyokatwa ni wizi, na shauri hilo hupelekwa polisi hata kama karatasi imerudishwa.

Ambaye kitabu chake kimepoteza ukurasa wa jina, na vipo kadhaa, asikisie mwaka. Amwite mhudumu wa zamu. Mwaka umeandikwa kwenye kadi ya katalogi, naye atampatia nakala yake iliyopigwa muhuri, bila malipo.