Kumbukumbu, Ndoto za Mchana na Furaha: Maswali na Majibu

Kwa nini akili yangu huhama ninapofua nguo au nikiwa kwenye daladala?

Ndivyo ubongo ulivyo. Mwaka 2010, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walitumia programu ya simu kuwauliza watu wazima 2,250, kwa nyakati za kushtukiza, wanafanya nini, wanawaza nini na wanajisikiaje. Katika karibu asilimia 47 ya majibu, mawazo yalikuwa kwingine kabisa.

Je, hali hiyo huondoa furaha?

Mara nyingi huipunguza. Watu hao walijisikia vibaya zaidi mawazo yalipohama, hata kama kazi waliyokuwa nayo ilikuwa ya kuchosha. Kuwaza mambo mazuri hakukuwapa furaha kuliko kuzingatia walichokuwa wakikifanya. Kibaya zaidi ni kulirudia moyoni jambo lile lile linalouma, siku nenda siku rudi, bila kutafuta suluhisho. Tabia hiyo huongeza uwezekano wa kupata sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu.

Kumbukumbu za zamani zinahusianaje na malengo ya kesho?

Hapa ndipo kiini cha jambo lenyewe. Huko Kanada alikuwepo mgonjwa anayejulikana kwa herufi K.C., aliyeumia ubongo katika ajali ya pikipiki mwaka 1981. Aliweza kuzungumza vizuri na kucheza sataranji, lakini hakukumbuka tukio hata moja la maisha yake. Profesa Endel Tulving, mtafiti wa kumbukumbu, alipomuuliza atafanya nini kesho, hakuwa na jibu. Ubongo huchukua vipande vya yaliyopita, sura, mahali, sauti, na kuviunganisha upya ili kuwaza yajayo. Vipande vikikosekana, kesho haionekani.

Mtu mwenye sonona naye hupata shida inayofanana na hiyo, ingawa si kwa kiwango hicho. Mwambie akumbuke siku aliyofanikiwa, atasema tu, "Mimi hushindwa kila mara." Kwa hiyo naona ni tiba ndogo yenye thamani kukumbuka tukio moja kwa undani: siku gani, nani alikuwepo, ulifanya nini hadi ukafaulu.

Nikiota nimeshafanikiwa, nitapata bidii?

Si lazima. Watafiti wa saikolojia Gabriele Oettingen na Doris Mayer waliwafuatilia wahitimu wa chuo kikuu nchini Ujerumani kwa miaka miwili. Waliokuwa wakiota sana kazi nzuri walituma maombi machache, wakapata nafasi chache na mishahara midogo. Waliokuwa na matarajio makubwa ya kufaulu walifanya vizuri zaidi. Matarajio hujengwa juu ya yale ambayo mtu amewahi kuyaweza. Ndoto za Alinacha hazidai ushahidi wowote, na utamu wake humfanya mtu ajione kama ameshafika.

Usiache kuota, tafadhali. Ota, kisha jiulize ni nini ndani yako kinachokuzuia. Fundi cherehani anayetaka mashine ya pili huenda akagundua kwamba akiba yake huishia sokoni. Basi aamue mapema: "Mteja akinilipa, naweka sehemu kwenye kibubu kabla sijatoka dukani."

Nitafute msaada wakati gani?

Ndoto za mchana zikikula saa nyingi hadi kazi, masomo au usingizi kuharibika. Kumbukumbu ya tukio la kutisha ikikuvamia bila hiari. Au huzuni ikidumu wiki mbili na zaidi. Nenda kituo cha afya, umweleze mhudumu waziwazi. Ukiwaza kujiua, usibaki peke yako: mwambie mtu wa karibu sasa hivi, akupeleke hospitali.

Msaada wenyewe si lazima uwe wa gharama. Huko Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianzisha mpango wa akina bibi waliofunzwa kukaa benchini na wagonjwa wenye "mawazo mengi" na kutatua nao tatizo moja baada ya jingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba dalili za sonona zilipungua kwa wagonjwa hao kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida.