Uchungu Ukienda Polepole

"Musawo, bado tu hajafunguka?" Musawo ni sisi wahudumu wa afya, na swali hili hunifikia mlangoni mwa wodi ya uzazi hapa Busia, upande wetu wa Uganda, karibu kila zamu. Mwulizaji huwa mama mkwe au shangazi, na mara nyingi mkobani ana kipande cha emmumbwa, ule udongo uliokandwa na mitishamba.

Mama yangu, najua unamtakia heri mkwe wako. Ila usimnyweshe. Baadhi ya mitishamba hiyo huubana mfuko wa uzazi kwa nguvu, tena bila kupumzika, na hakuna anayejua ameshika kipimo gani. Mtoto hupata hewa katikati ya uchungu mmoja na mwingine. Uchungu usipoachia, anakosa hewa, na mfuko wenyewe unaweza kupasuka, hasa kwa aliyewahi kupasuliwa.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 unahesabu uchungu kuwa umekolea njia, yaani mlango wa kizazi, ikifunguka sentimita 5. Kabla ya hapo hauna muda maalumu. Kuanzia hapo, uchungu wa mimba ya kwanza kwa kawaida hauzidi saa 12, na wa zinazofuata saa 10. Kumdai kila mama sentimita moja kila saa kumeachwa, na mimi nilifurahi, maana wengi walikuwa wakiongezewa dripu ya uchungu bila sababu.

Basi tufanye nini? Kwanza mama ainuke. Akisimama au akitembea, kichwa cha mtoto hukandamiza mlango wa kizazi, na mkandamizo huo huufanya ubongo utoe oksitosini zaidi, homoni ileile inayoleta uchungu. Akilala chali, mfuko hulalia mishipa mikubwa ya damu na mtoto hupungukiwa hewa. Akichoka, alale ubavu. Kama uchungu umemkaa mgongoni, huenda mtoto ameupa mgongo wa mama kisogo. Hapo apige magoti na kushika mikono chini, nawe umkande kiunoni kwa kiganja. Wengi hupata nafuu hivyo.

Halafu kibofu. Jambo hili husahaulika mno! Kibofu kilichojaa humzuia mtoto kushuka, na mama aliyezama katika uchungu hasikii mkojo. Mkumbushe kila baada ya saa mbili.

Uji, chai, maji: ikiwa hali yake ni ya kawaida, mpe. Kazi hii inataka nguvu.

Na hofu nayo huchelewesha, kwa kuwa adrenalini, homoni ya hofu, hupunguza oksitosini. Ndiyo maana namtaka yule shangazi abaki ndani, amshike mkono, aongee naye kwa lugha ya nyumbani. Makelele ya "sukuma!" kabla njia haijafunguka yote humchosha bure. Kumkandamiza tumboni ili mtoto atoke pia sikubali, awe nani anayefanya.

Yote haya ni ya mama ambaye yeye na mtoto wako salama. Akitokwa damu nyingi, maji ya uzazi yakiwa ya kijani, mapigo ya mtoto yakibadilika, au saa zikipita njia imekwama palepale, kutembea hakutoshi. Kituo chetu ni cha daraja la tatu, hakina chumba cha upasuaji. Tukisema aende daraja la nne au hospitali, tafuteni usafiri papo hapo. Kikao cha ukoo kingoje.