Mashapo ya makaa ya mawe: tani zinazotangazwa hupatikanaje?

Pongwe, nje kidogo ya katikati ya jiji la Tanga, chokaa ya saruji iko chini ya miguu yako. Makaa ya mawe ya kuichoma, hadi joto la takriban nyuzi 1,450, ndiyo yaliyo mbali: mashapo makubwa ya nchi yako kusini, Ludewa na Mbinga, safari ya lori ya zaidi ya kilomita 1,000. Kwa hiyo ikitangazwa kwamba Mchuchuma, huko Ludewa, kuna mashapo ya tani milioni 428, inafaa kujua tani hizo zimehesabiwaje.

Mashapo ni kile kinachotuama chini ya mtungi. Kwenye madini, ni wingi wa madini uliolala mahali pamoja, na makaa yanalistahili jina hilo hasa: ni mimea iliyotuama kwenye vinamasi zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, ikafukiwa.

Hesabu yake ni eneo mara unene mara uzito. Tabaka la mita 2 katika kilomita moja ya mraba, kwa tani 1.4 kila mita ya ujazo, ni tani milioni 2.8. Ukikosea unene kwa sentimita 20 tu, umezua au umepoteza tani 280,000.

Unene huo hupatikana kwa uchorongaji, yaani kutoboa mwamba kwa mashine, na hapa ndipo watu wanapoharibu. Mashine hutoa mche wa jiwe, mrefu kama mche wa sabuni. Makaa bora, yale meusi yanayong'aa, ni mepesi kuvunjika. Husagika na kuondoka na maji ya kuchorongea. Kinachobaki kwenye sanduku ni vipande vigumu vyenye udongo, na maabara inasoma majivu mengi kuliko yaliyomo ardhini. Pima urefu wa mche uliotoka, ulinganishe na kina kilichochorongwa. Ukipungua chini ya asilimia 95 kwenye tabaka la makaa, rudia shimo. Sampuli ifungwe kwenye mfuko wa plastiki palepale, kabla unyevu haujakauka. Usichukue makaa yaliyojitokeza kwenye korongo ukayafanya kipimo cha ubora: jua, hewa na mvua vimeshayapunguzia joto yanayotoa yakichomwa.

Mlima nao una hesabu yake. Tabaka likiwa limelala tambarare na mlima una mwinamo wa nyuzi 30, kila mita 100 unazosogea ndani zinaongeza mita 58 hivi za kifusi juu ya makaa. Kwa tabaka la mita 2, kufukua kunashindikana mapema sana. Inabidi kuingia kwa mahandaki, kama ilivyofanyika kwenye mgodi wa Kiwira, na handaki linataka nguzo za makaa zilizoachwa zishike paa. Mara nyingi karibu nusu ya makaa hubaki humo. Sehemu inayoweza kutoka kwa faida ndiyo huitwa akiba, na mtengeneza saruji aulize hiyo.