DD au "taarifa hazitoshi": maana yake nini kwa popo mdogo wa Tanga

Kuna popo mdogo anaitwa Rhinolophus maendeleo, na hilo maendeleo ni neno letu kabisa la Kiswahili, wanasayansi walimpa mwaka 2000 baada ya kumtambua kutoka msitu wa mapango ya Amboni, Tanga. Ukimtafuta kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, inayoonyesha kila kiumbe yuko kwenye hatari kiasi gani ya kutoweka, unakuta ameandikiwa DD, yaani taarifa hazitoshi, na wengi wakiona hivyo wanadhani basi yuko salama. Sio hivyo jamani.

DD sio daraja la hatari, na wala sio cheti cha usalama. Ni kwamba wataalamu wamekaa wakapitia kilichopo wakaona hakijibu hata maswali ya mwanzo: wako wangapi, wanaishi wapi na wapi, wanaongezeka au wanapungua.

Mbona ni ngumu hivyo kujua? Huyu ni wa ukoo wa popo wenye kile kinyama cha puani kilichokunjika kama kiatu cha farasi, mlio wake anautoa kupitia pua, mwembamba mno sikio la mtu haliupati, halafu anasikiliza unavyomrudia. Kwa mlio huohuo anaugundua wavu uliotegwa gizani anaukwepa. Na hata ukimshika, kumtofautisha na ndugu zake ni kazi ya kupima fuvu, meno na hicho kinyama cha pua, ndo maana waliowahi kupatikana ni wachache sana.

Sasa mwangalie ndugu yake Rhinolophus hilli wa msitu wa Nyungwe, Rwanda. Huyo hakuonekana karibu miaka 40 mpaka 2019 walipomnasa tena, lakini yeye hajawekwa DD, yuko daraja la juu kabisa la hatari ya kutoweka, kwa sababu angalau inajulikana anakaa eneo dogo tu. Kumbe kuonekana mara chache peke yake hakumpeleki mnyama DD.

Kinachoniuma ni kwamba popo wa ukoo huu kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, kwa hiyo msitu ukikatwa au pango likisumbuliwa, kurudi idadi ya mwanzo inachukua miaka, na kama hakuna aliyewahesabu mwanzo hata kupungua kwenyewe hakuna atakayekuona. IUCN wenyewe wanasema huenda ikafaa viumbe wa DD wapewe uangalizi uleule wa walio hatarini, angalau mpaka hali yao ijulikane.