Kuwatembelea sokwe wa Ngamba: kwa nini tunawekwa mbali nao

Wasafiri wengi wanaoniomba ushauri kabla ya kwenda Uganda huniuliza kama kisiwani Ngamba wataruhusiwa kumbeba mtoto wa sokwe. Mimi ni daktari wa wanyamapori, na huwajibu kwamba makao ya wanyama waliookolewa yanayostahili nauli yao ni yale yatakayowakatalia.

Ngamba ni kisiwa kidogo cha Ziwa Viktoria, kilomita 23 hivi kutoka Entebbe kwa mashua. Tangu mwaka 1998 kimekuwa makao ya sokwe yatima, ambao sasa ni takriban 50. Wengi wao walinyang'anywa mama zao wakiwa bado wananyonya, na kwa kuwa mama sokwe hamwachii mwanawe akiwa hai, mwindaji anayetaka mtoto wa kuuza humuua mama kwanza. Kuwarudisha porini ni vigumu mno, kwa sababu madume wenye eneo lao humshambulia mgeni hadi kumuua. Msitu wa kisiwa, ambao ni kama hekta 40 tu, hauwezi kuwalisha wote. Kwa hiyo walezi huwaletea chakula kila siku, na majike hupewa dawa za uzazi wa mpango ili nafasi ibaki kwa yatima wengine.

Nilipokwenda, nilisimama kwenye jukwaa, huku uzio wa umeme ukitutenga na msitu, wakati walezi wakirusha matunda ya mchana. Kipande cha papai kiliangukia karibu mno na nyaya. Jike mmoja aliyekuwa pembeni hakukikimbilia. Alivunja kijiti, akakichambua majani kwa meno, akakipenyeza kwa uangalifu na kukivuta kipande kile taratibu, bila kugusa waya hata mara moja. Nilikuwa bado namtazama niliposikia kikohozi nyuma yangu. Msafiri mwenzetu alisema ni mafua tu ya safarini, na mwongozaji akamwomba kwa upole ashuke jukwaani.

Neno hilo "tu" ndilo linalonitia hofu. Sokwe anafanana nasi mno kimwili, kiasi kwamba virusi vya njia ya hewa vinavyotusumbua kwa siku chache huingia mwilini mwake bila kizuizi na kugeuka homa ya mapafu. Katika msitu wa Kibale, magharibi mwa Uganda, kirusi cha mafua ya binadamu kiliua sokwe 5 wa kundi la Kanyawara mwaka 2013, na kati ya mwisho wa 2016 na mwanzo wa 2017 kirusi kingine cha binadamu kikaua 25 wa kundi la Ngogo. Hao walikuwa na msitu mpana wa kutawanyikia. Wa Ngamba hulala pamoja, kwa hiyo mgonjwa mmoja anatosha kuwaambukiza wengi.

Kwa hiyo beba barakoa, na ukiamka na makamasi au koo linalowasha, ahirisha mashua, hata kama umekwisha kulipia. Ukiwa mzima, baki hadi jioni: sokwe hutoka msituni wenyewe, hunywa uji wao, kisha hupanda mahali pa kulala na kujitandikia nyasi kavu, kila mmoja akiupanga upya ukingo wa kiota chake kabla ya kulala.