Kilti sio lazima koti na tai

Wengi wanaamini kilti ya Uskoti, ile sketi ya wanaume yenye marinda, ni vazi la harusi tu, eti ukiivaa bila koti na tai umekosea. Jamani, sio kweli. Wanaume wa milimani kule walikuwa wanachunga ng'ombe wameivaa, usiku wanajifunika hiyohiyo maana zamani ilikuwa shuka refu la sufu, ikaja kupigwa marufuku 1746 mpaka 1782, halafu mfalme George IV wa Uingereza alipofika Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, 1822 akaivaa, ndo ikazidi kupata sura ya sherehe. Leo mashabiki wa timu ya taifa wanaivaa na jezi na buti, soksi zimeshushwa, na wanapendeza kabisa. Dina ya usiku sawa, vaa koti fupi jeusi na tai ya kipepeo. Ila marinda yakae nyuma, pindo liishie gotini.