GIS katika ufugaji wa majini: maana yake kwa wenye vizimba Uganda

Mfumo wa taarifa za kijiografia, ambao wengi huuita kwa kifupi GIS, ni programu ya kompyuta inayofunga kila taarifa kwenye mahali pake duniani. Ramani ya karatasi hukuonyesha ghuba ilipo, basi. GIS unaweza kuiuliza: katika ghuba hii, ni wapi maji yana kina cha kutosha, mkondo unapita, boti za abiria hazipiti, na mwalo hauko mbali? Kina cha maji kina tabaka lake, upepo lake, oksijeni lake, barabara lake. Matabaka hayo hulazwa moja juu ya jingine, kisha programu husaka pale ambapo masharti yote yametimia.

Wazo lilianzia Kanada miaka ya 1960, kwa Roger Tomlinson, aliyetaka kuhesabu ardhi ya nchi kubwa kwa haraka. Majini liliingia baadaye. Mwaka 1987 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ilichapisha kazi kuhusu Ghuba ya Nicoya, Costa Rica, na katika miaka ya 1990 ikapima kwa njia hiyohiyo ni sehemu zipi za Afrika zinafaa kwa ufugaji wa samaki.

Waliofaidika mapema ni wafugaji wa chaza na kome baharini. Chaza halishwi; anachuja chakula kutoka majini, na chaza mkubwa, hali ikiwa nzuri, huchuja zaidi ya lita 100 kwa siku. Kwa hiyo tabaka la kwanza mfugaji wake analotaka ni la vimea vidogo mno vya kijani vinavyoelea, ambavyo setilaiti huvitambua kwa rangi ya maji. La pili ni la uchafu, maana anayechuja chakula huchuja na vijidudu vya choo. Ndiyo sababu katika nchi nyingi maeneo ya kuvuna chaza huchorwa kwenye ramani na kufungwa kwa muda mvua kubwa inaposomba maji taka.

Uganda haina bahari, na kome wa Ziwa Victoria hatujamfuga. Magamba yake tunayajua zaidi ndani ya chakula cha kuku. Tunachofuga ziwani ni sato, katika vizimba, yaani matundu ya nyavu yaliyotiwa nanga majini, hasa upande wa Jinja na Buikwe. Hesabu hapa inageuka. Sato analishwa, kwa hiyo chakula kinachobaki na kinyesi chake huanguka chini, na mfugaji anataka maji yanayotembea yauchukue uchafu huo. Ghuba tulivu iliyojikinga na upepo, inayopendeza macho ya mgeni, mara nyingi ndiyo mbaya kuliko zote. Tena huko kwenye kina kifupi ndiko sato wa asili huzaliana.

Tuchukue Ghuba ya Murchison, Kampala. Soko liko karibu na barabara ni nzuri. Lakini ukiweka tabaka la maji taka utaona mfereji wa Nakivubo ukimwaga uchafu wa jiji humo, na ukiweka la huduma za umma utakuta mitambo ya Ggaba ikivuta maji ya kunywa kutoka ghuba hiyohiyo. Masharti mawili tu, na sehemu yote ya ndani imefutika. Kazi kubwa ya GIS, kwa maoni yangu, ni huku kufuta. Ni rahisi kuwa na hakika kwamba mahali hapafai kuliko kwamba panafaa.

Kuna pia gugu maji na visiwa vinavyoelea. Aprili 2020, ziwa lilipokuwa limejaa mno, kisiwa kimoja kilisukumwa hadi bwawa la Nalubaale, Jinja, na umeme ukakatika nchi nzima. Kilichoziba mitambo ya umeme hakishindwi kung'oa nanga za vizimba. Picha za setilaiti za Sentinel-2, ambazo hutolewa bure kila baada ya siku tano hivi, huonyesha magugu yanakoelekea, ikiwa mawingu yataruhusu. Kila nukta ya picha hizo ni mita 10 kwa 10: kizimba kikubwa cha duara utakiona, kile kidogo cha mita mbili kwa mbili kitakupotea.

Jambo ambalo wauzaji wa teknolojia hii hulipita haraka ni kwamba setilaiti huona juu ya maji tu. Kinachoua samaki mara nyingi hutoka chini. Maji ya chini ziwani huishiwa oksijeni majira ya utulivu, na dhoruba ikiyachanganya ghafla, samaki hukosa pumzi. Sangara waliopatikana wakielea wengi mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021, maofisa walitaja upungufu wa oksijeni. Tabaka hilo halipatikani angani. Lazima mtu aende na mtumbwi, ashushe kipimo hadi chini, aandike saa na mahali.

Halafu kuna suala la ujirani. Kila mwenye vizimba hupima maji yake, akaona yako salama. Hakuna anayepima ghuba nzima. Vizimba vya watu kumi vikiwekwa kwenye ramani moja, pamoja na mwelekeo wa mkondo, ndipo inaonekana kwamba uchafu wa wa kwanza unaingia kwa wa tano. Hapo mwenye kutoa vibali anaweza kusema ghuba hii imejaa, hata kama nafasi ya kuweka vizimba bado ipo.

Lakini programu haijui kipi ni kizito. Ni mtu anayeamua kwamba ukaribu wa barabara upewe alama chache na oksijeni nyingi, na akigeuza alama hizo, eneo jekundu, lisilofaa, huwa la kijani, linalofaa, bila maji kubadilika hata tone. Ukionyeshwa ramani ya maeneo yanayofaa, uliza kwanza alama ziligawiwa vipi, na kipimo cha oksijeni kilichukuliwa mwezi gani na kwa kina gani. QGIS ni programu ya GIS ya bure, hivyo hata chama cha wafugaji wa mwalo mmoja kinaweza kurudia hesabu hiyo chenyewe.